Chai ya Dakika Tisa

Kutoka kiwanja chetu cha ndege hadi kile cha pili ni dakika tisa angani. Katikati kuna bonde lisilo na daraja, kwa gari ni siku nzima ya kuzunguka. Ukisimama kwenye ngazi ya ndege huku, unauona mnara wa kule. Lakini kampuni ina sheria zake: kila abiria apewe chai mpaka atosheke, na ndege haitui kule hata kikombe kimoja kikiwa bado mkononi mwa mtu. Vikombe ni vya udongo, vizito, mali ya kiwanja chetu. Mafuta yakipungua kabla havijakusanywa, rubani anageuza na kuvirudisha kwetu, pamoja na watu. Kwetu vinaruhusiwa kutua hata vikiwa na chai, maana viko nyumbani.

Siku hiyo nilikuwa nampeleka Mama kwa kaka mkubwa. Kaka alikata shauri peke yake, kama kawaida yake: Mama ahamie kwake moja kwa moja, nyumba ipangishwe. Mimi kitindamimba siulizwi, natumwa tu. Mama tulimwambia anakwenda kutembea.

Dakika tisa zikaisha, vikombe vyote vikakusanywa isipokuwa kimoja. Mama alikuwa amekishika kwa mikono miwili, anapuliza.

"Mama, imeshapoa."

"Ulimi ni wako au wangu?"

Tukaanza kuzunguka. Kaka nilimwona chini, kasimama kando ya gari, anatupungia. Tulipopita mara ya tatu alikuwa ameshika kiuno.

"Bibi, wenzako tuna kazi!" akafoka bwana mmoja mwenye tai.

"Kwani inakimbilia wapi, baba? Marehemu mume wangu aliifuata miaka arobaini, kila asubuhi aliikuta palepale."

Mhudumu akaja na birika lake, uso umemshuka. Rubani alikuwa amesema mafuta yanatosha mzunguko mmoja tu, kisha anageuza kurudi kwetu. Ndege nzima ikatukodolea macho.

"Mama, unaniaibisha," nikamnong'oneza. "Ni kutembea tu, wiki moja."

"Mtu anakwenda kutembea na godoro lake, mwanangu? Nimeliona likipakiwa."

Niliona aibu, nikamhurumia, nikamchukia kaka, yote kwa mpigo.

Mama hajawahi kupenda ugomvi. Alifumba macho, akaimeza chai yote kwa mkupuo mmoja kama dawa, akarudisha kikombe. Abiria wakapiga makofi. Mwenye tai akafunga mkanda. Ndege ikainamisha pua, na kule chini kaka akafungua mlango wa gari.

Mhudumu alikuwa bado hajaondoka na birika lake. Nikainua mkono.

"Dada, naomba nyingine," nikamwambia. "Na iwe ya moto."