Sherifu Hasemi Inauma

Sherifu Dunning alipigwa risasi ya tumbo, akashuka farasini taratibu, akafunga kidonda kwa kitambaa cha shingoni, akapanda tena. Akavuka jangwa zima, akamkamata mwizi wa ng'ombe, akamrudisha mjini. Mwenye duka alipomuuliza, "Inauma, Sherifu?" alishusha kofia mpaka kwenye nyusi na kusema, "Nimewahi kuumia zaidi."

Mdogo wangu Reino, aliyekuwa amekaa sakafuni pua ikikaribia kugusa kioo cha televisheni, aliacha kutafuna. Kipande cha mkate wa iliki kikamvimba shavuni kama jipu. Nikajua huyu sasa amepata dini.

Televisheni yetu ilikuwa ya kwanza mtaani. Wachimba chuma na wake zao walikuja kila Jumamosi jioni, nywele mbichi, nyuso nyekundu kwa mvuke wa sauna, kibanda chetu cha kuogea jasho. Kwanza sauna, kisha Sherifu. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada yetu. Kanisani tulikwenda kesho yake kusinzia.

Tangu siku hiyo Reino alijifunga shingoni kitambaa cha Mama cha jikoni. Akianguka kutoka kwenye rundo la kuni: "Nimewahi kuumia zaidi." Mwalimu akimchapa rula vidoleni: "Nimewahi kuumia zaidi."

"Wapi?" nilimuuliza. "Umeumia wapi wewe, uliyeamsha mtaa kwa jino moja bovu?"

"Hiyo ilikuwa zamani."

"Zamani ni juzi, sherifu wa suruali ya viraka."

Alinitazama kwa huruma, kama sherifu anavyomtazama mlevi.

Baba alimpenda sana huyo Sherifu. Yeye mwenyewe Baba alikuwa mtu ambaye maneno yake ya mwaka mzima yangetosha kiganjani na nafasi ya chumvi ikabaki. Jiwe lilipomwangukia mguuni mgodini alirudi nyumbani kwa miguu, akanywa kahawa yake, na Mama akagundua habari hiyo alipomvua buti na kulikuta limejaa damu. Sasa alikuwa amepata mrithi. "Mwanangu huyu ni chuma," aliwaambia majirani. Mimi sikuwahi kuitwa hata bati.

Kisha ikaja baridi kali ya Januari, na Reino akakataa uji.

Alitembea amejikunja, mkono ubavuni. Nilimwambia anatembea kama ajuza, akanijibu kwamba mkanda umembana. Jumamosi Mama alimshika paji la uso, akauondoa mkono haraka.

"Inakuuma wapi, mwanangu?"

Reino hakumtazama Mama. Alimtazama Baba. Kofia hakuwa nayo, basi akavuta nywele zake mpaka kwenye nyusi. "Nimewahi kuumia zaidi, Mama."

Baba alicheka. Kicheko chake kilikuwa adimu kama jua la Januari, na Reino alikiota chote peke yake.

"Eino, mpigie daktari," Mama alisema.

"Daktari wa nini? Mtoto mwenyewe halalamiki. Sauna itaitoa hiyo homa." Kisha akatoa msemo wa wazee wake walioutoa Ufini pamoja na masanduku yao: kisichoponywa na sauna, lami na pombe kali, kichongee jeneza.

Niliwapelekea maji ya ndoo hadi mlangoni. Ndani, mawe ya moto yalifoka kwa kumwagiwa maji. Nikasikia matawi ya majani ya kujichapia saunani yakipiga ngozi polepole, na sauti ya Baba, laini nisivyowahi kuisikia: "Huku? Au huku?" Mvuke ukafoka tena.

Walipotoka nje kwenye theluji, Baba alikuwa amembeba kwenye taulo, na moshi ukiwatoka wote wawili kama mikate iliyotoka tanurini. Reino alikuwa anatabasamu.

"Haiumi tena," alisema. "Kweli, Hilja. Imeacha ghafla tu."

Baba alimtazama Mama kama mtu aliyeshinda kesi. Tukakaa na majirani kumwangalia Sherifu. Reino alilala mapajani mwa Baba kabla mwizi hajakamatwa.

Asubuhi tumbo lake lilikuwa gumu kama ubao. Hospitalini daktari alitoka chumbani akifuta miwani ambayo haikuwa chafu. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka tangu jana yake. Ndiyo maana maumivu yaliacha. Mngemleta mapema, alisema. Na joto lile halikumsaidia. Kisha akauliza maumivu yalianza lini.

"Hakulalamika," Baba alisema, kifua mbele, kwa sauti ileile ya kuwaambia majirani. "Hakulalamika hata mara mo..."

Hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Mdomo ulibaki wazi, na sifa yote ikamrudi kooni.

Reino alikufa kabla ya giza. Ardhi ilikuwa imeganda, haikuingia sururu hata ya wachimba chuma, kwa hiyo tulimweka katika nyumba ya mawe ya makaburini kungoja theluji iyeyuke. Baba hakulia. Watu walimpa mkono na kusema, mwanamume wa chuma kweli.

Jumamosi iliyofuata hakuna jirani aliyekuja. Baba aliwasha televisheni. Sherifu alipigwa risasi ya bega, akavuka mto, akarudi mjini. Mwenye duka akamuuliza kama kawaida yake.

Baba alikuwa ameshateremka kitini, amepiga magoti mahali pa Reino, kiganja juu ya kioo.

"Sema," alinong'ona. "Sema inauma, mwana wa watu. Sema tu."

Sherifu akashusha kofia.

Mimi sasa ni ajuza halisi, natembea nimejikunja bila kisingizio cha mkanda. Kliniki wananijua. Nesi akishika sindano tu, napiga ukelele mpaka wagonjwa wa nje wanaangusha magazeti.

"Bibi Hilja! Hata sijakugusa!"

"Najua, mwanangu," humwambia. "Naanza mapema."