Fensi Iliyozimwa

Kila asubuhi Mama hugonga ndoo ya maziwa kwa kidole, na Kairu huja mwenyewe kukamuliwa. Jumanne ile aligonga, akagonga tena. Ndama wawili walikuwa wamesimama wakitazama upande wa barabara.

Tulimkuta kwenye ngano changa ya jirani, bado ina umande. Alikuwa amekufa kwa kuila mbichi: tumbo limefura, miguu imenyooka.

Fensi yetu ya stima ilikuwa imezimwa kwa ajili yangu. Dishi la kunasa mawimbi ya redio la mradi wa Dkt. Sitati, mwalimu wangu wa elimu ya nyota, liko nyuma ya boma letu, hapa Njoro, na kazi yangu ni kusikiliza nyota iliyokufa ambayo hutuma mdundo mmoja karibu kila sekunde. Stima ya fensi nayo hudunda hivyo hivyo, na dishi huinasa. Wiki nzima tulishangilia nyota, kumbe tulikuwa tunasikiliza fensi ikizuia ng'ombe wa Mama. Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia nimwombe Mama aizime usiku. Kazi ikienda vizuri, alisema, atanipeleka Afrika Kusini, kwenye darubini mpya za redio zitakazopima kama Einstein alisema kweli kuhusu nguvu ya mvutano. Nilitaka kumwambia ng'ombe watatoka. Nikasema sawa, Daktari.

Mama aliizima usiku huo huo. Kanisani aliwaambia wenzake kwamba msichana wake anapima nyota.

Alasiri ya Jumanne hiyo Daktari alikuja kutoa pole. Tulimpa chai ya rangi, bila maziwa, mara ya kwanza mgeni kunywa hivyo kwetu. Alisema midundo sasa ni safi, inafika kama hesabu inavyotaka. Kisha akaomba fensi ikae imezimwa mwezi mmoja zaidi.

"Nyota haingoji, Mama Kui," akasema akitabasamu. "Lakini ng'ombe anaweza kufungwa kamba."

Mama aliangalia mikono yake. Nilijua atakubali. Angewafunga hao ndama na kuwakatia nyasi kila jioni, na goti lake lile bovu, ili mimi nipande ndege.

"Ni sawa, Mwalimu," akaanza.

"Si sawa." Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini walinisikia. "Daktari, hiyo nyota itakuwa huko hata mwaka ujao. Kairu hayuko. Fensi inawashwa leo. Kama nafasi yangu ya kusafiri inapotea kwa hilo, mpe mtu mwingine."