Boga la Bwana Shamba

Damian alifika kwenye uwanja wa maonyesho saa tatu asubuhi, miguuni bado amevaa viatu vya kazini, vile vizito vyenye kipande cha chuma mbele. Alikuwa ametoka ghalani Märsta alfajiri hiyo, na katika treni alisinzia hata akapitiliza vituo viwili, ikambidi arudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu. Miaka kumi na saba ya zamu za usiku ilikuwa imemfundisha kulala popote. Kuamka akiwa mzima, hilo bado hakuwa amejifunza.

Langoni walimsubiri rafiki zake wawili. Vumilia, Mtanzania mwenzake, alikuwa akitunza wazee huko Hallonbergen. Fébronie, mzaliwa wa Bukavu, alikuwa jirani yake wa ghorofa ya chini Skärholmen.

“Bwana Shamba,” Vumilia alimtazama kuanzia chini kwenda juu, “ndivyo mtu anavyokwenda kuposa? Na viatu vya kubebea mizigo?”

“Nimetoka kubeba mizigo.”

“Umuache, yaya amechoka,” alisema Fébronie.

“Yaya wa nani? Mimi sina mtoto hapa.”

Kwao Fébronie yaya ni ndugu mkubwa. Kwao Vumilia ni mlezi wa watoto. Utani huo ulikuwa na umri wa miaka minane na bado haujachakaa.

Jina la Bwana Shamba nalo lilikuwa nusu utani, nusu wasifu. Damian alisomea kilimo Morogoro, akaja Uppsala kwa masomo ya juu, akahitimu. Kisha majibu ya maombi yake ya kazi yakaja moja moja, yamejaa adabu, mpaka akaacha kuandika. Sasa, akiwa na miaka hamsini na sita, mlango mmoja ulikuwa umefunguka kidogo. Chama cha wenye bustani za kukodi kilitafuta mshauri wa kilimo, kazi ya mchana, kuanzia Januari. Mwenyekiti wake, mama mmoja aitwaye Ann-Britt, alikuwa amemwambia: njoo Jumamosi, simama kando ya boga lako, utueleze kwa dakika tano ulivyolikuza. Wajumbe wote watakuwepo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa posa.

Bustani yenyewe waliikodi pamoja, wote watatu. Waswidi huiita koloni, na Vumilia hakuacha kusema kwamba katika ukoo wao ni yeye wa kwanza kumiliki koloni. Damian alitenga shina moja la boga kwa ajili ya mashindano. Alilichimbia shimo la samadi, akaliachia tunda moja tu, na kila Jumapili alilizungushia tunda hilo utepe wa kupimia, akaandika daftarini. Juni na Julai boga lilikwenda mbio. Agosti likasimama. Alipima udongo, akabadili saa za kumwagilia, akawalaumu paa wanaotoka msituni, akajenga uzio. Boga halikusikia.

Ukumbini maboga yalikuwa yamepangwa juu ya nyasi kavu. La kwanza lilikuwa la kilo mia mbili na kumi, limelala ubavu kama kiboko. La Damian liliwekwa mwisho kabisa, karibu na mlango wa choo, na kadi yake ilisema kilo thelathini na moja.

“Si dogo,” alisema Vumilia. “Wewe jaribu kulibeba peke yako kutoka kituoni, kama nilivyolibeba mimi jana, ndipo utaliheshimu.”

Damian aliisoma kadi tena. Saa saba ndiyo angesimama kuzungumza, na hakujua aseme nini. Mtaalamu anaweza kushindwa, alijiambia. Hilo halina aibu. Lakini mtaalamu asiyeweza kueleza ameshindwa kwa nini, huyo ana tofauti gani na mtu aliyetupa mbegu na kuondoka?

Walizunguka. Walitazama kondoo wakinyolewa manyoya, wakamtazama mzee mmoja akimchana ng'ombe wake mkia kwa umakini wa kinyozi. Vumilia na Fébronie walipanda bembea kubwa la duara, Damian akabaki chini ameshika mikoba yao, amefumba macho wima wima. Saa sita wakaketi juu ya marobota ya nyasi, na Fébronie akafungua chakula alichokuja nacho: wali, na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga.

Damian alikula kwa shukrani. Agosti nzima alikuwa akirudi asubuhi na kukuta chakula hicho kimetundikwa kwenye kitasa cha mlango wake, ndani ya mfuko, kingali na joto.

“Umenilisha sana haya,” alisema. “Pale sokoni Skärholmen fungu wanauza bei gani siku hizi?”

“Sokoni?” Fébronie alicheka, Kifaransa kikimponyoka. “Mais yaya, majani ya maboga nani anauza huku? Hawa watu hawajue hata kama inakuliwaka.”

“Unayatoa wapi basi?”

“Kwa koloni. Si uliniachiaka ufunguo wa uzio nimwage maji? Ule mti wako ulikuwa na majani mingi, ya laini, inazeeka bure. Kwetu boga usipolichuma, watu watasema mwenye shamba alikufa.”

Kijiko cha Damian kilisimama njiani. Jani ndilo jiko la mmea. Tunda halili ila kilichopikwa na jani. Alikuwa amewafundisha hilo wakulima wazima, zamani, kwa chaki, juu ya ubao ulioegemezwa ukutani.

“Ulichuma mara ngapi?”

“Kila wiki. Mara mbili. Unarudi asubuhi huna hata nguvu ya kuchemsha maji, nikasema huyu mtu atakufa.” Akamtazama usoni. “Nimefanya mubaya?”

Vumilia alikuwa amekwisha kuelewa. “Kikulacho ki nguoni mwako,” alisema polepole, “ila chako wewe, Bwana Shamba, kilikuwa tumboni.”

Yeye mwenyewe hakucheka sana.

Saa saba wajumbe sita walisimama mbele ya boga na vikombe vyao vya kahawa. Vumilia na Fébronie walikuwa kando yao. Damian alikuwa na ukame wa Agosti tayari ulimini, na ungekubalika, kwa maana mwaka huo kila mkulima alikuwa na ukame wake wa kusimulia. Alimwona Fébronie ameukumbatia mkoba wake kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

“Boga hili lilisimama Agosti kwa sababu majani yake yalichumwa,” alisema, kwa Kiswidi chake safi cha chuoni. “Nimeyala mimi. Kwetu boga ni majani kwanza, tunda baadaye. Nilitaka vyote viwili kutoka shina moja, wala sikuangalia.”

Walicheka kwa upole. Mjumbe mmoja aliuliza yanapikwaje. Mwingine aliuliza kama vile vinyweleo havikwaruzi koo. Damian akaeleza namna ya kumenya nyuzi za kikonyo. Hakuna aliyeuliza habari za udongo. Dakika zilipokwisha, Ann-Britt alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa uwazi wake, akasema kwamba watawasiliana naye. Damian aliifahamu sentensi hiyo. Aliwahi kuipokea kwa posta mara nyingi.

Nje, Fébronie alikaa karibu naye.

“Ungewaambia ni miye.”

“Wewe ulichuma tu. Mimi nilikuwa pale kila Jumapili. Majani yanapungua mbele ya macho yangu, nami nahesabu sentimita za tunda.” Alijifuta uso kwa kiganja. “Nilikuwa nimechoka, Fébronie. Mtu aliyechoka haoni ila kile anachokipima.”

“Na ile kazi?”

“Hawatapiga simu.”

“Pengine watapiga,” alisema Vumilia. “Si wamecheka?”

“Ndiyo maana hawatapiga.”

Kutoka upande wa mifugo kipaza sauti kilitangaza jina la fahali fulani, watu wakapiga makofi.

“Lile shina,” Damian aliuliza, “lingali na majani?”

“Kidogo. Ya juu juu. Baridi ikikuja itakufa yote.”

“Basi yachume,” alisema. “Yachume yote. Hayana tena wa kumlisha ila mimi.”