Kola Yenye Ini

Daktari wa picha aligeuza kompyuta ili nami nione. Ini langu lilikuwa la kijivu, na pembeni yake palikuwa na doa dogo kama punje ya dengu.

"Hili linaweza kuwa ile saratani yako ya utumbo imehamia hapa," alisema. "Linaweza pia kuwa fundo la mishipa ya damu. Hilo halina madhara, watu wengi wanalo na hawajui."

"Tutajuaje ni lipi?"

"Kipimo cha MRI huonyesha vizuri zaidi, ila foleni yake ni wiki tano, na madaktari wenzangu wanakaa Alhamisi kuamua kama uanzishiwe dawa kali. Una picha ya tumbo ya zamani, mama? Kama doa lilikuwapo miaka ile na halijakua, tutapumua."

Nilikuwa nayo. Miaka saba iliyopita niliteleza kwenye ngazi za ofisi, nikapigwa picha ya CT tumbo zima. Hospitali ile ilishafungwa, lakini nilipewa picha mkononi, kurasa tatu kubwa za filamu.

Shida ni kwamba nilizikata. Mimi hushona, na filamu ya hospitali haichaniki wala haijikunji. Kwa kukatia pateni, vile vielelezo vya kupimia kitambaa, haina mpinzani. Nilitoa kola, mifuko na mikanda ya mikono. Binti yangu alipofungua duka la ushonaji mji mwingine, nikampa zote. Na binti huyo, nilipopasuliwa utumbo, nilimwambia ni ngiri.

Nilifika nyumbani nikakaa mezani bila kuvua viatu. Kikombe cha asubuhi kilikuwa palepale nilipokiacha. Nani angekitoa? Nikapiga simu.

"Mama, nina mteja."

"Sikucheleweshi. Zile pateni za filamu bado unazo?"

"Ninazo. Unataka kurudi kwenye cherehani na ngiri yako hiyo?"

"Haikuwa ngiri."

Cherehani yake ilinyamaza. Nilimweleza utumbo, ini na Alhamisi, kwa mpangilio huo.

"Ulilala hospitali siku tisa," alisema. "Nani alikuwa anakuja kukuona?"

"Manesi."

"Nani alikurudisha nyumbani?"

"Teksi."

Nilisikia akiweka mkasi mezani.

"Mimi ndiye uliyenilea nisikufiche kitu," alisema.

"Zitume kwa basi la kesho."

Akakata simu. Sikumlaumu. Usiku huo nilipiga pasi nguo ambazo hazikuhitaji pasi.

Jumatano nilichukua bahasha stendi. Ndani mlikuwa na vipande arobaini na kimoja na karatasi moja: *Sijui ini ni lipi. Nimeweka vyote.* Hakukuwa na salamu. Niliigeuza nyuma pia.

Daktari alivipanga juu ya kisanduku cha taa, kimoja baada ya kingine. Mifuko ilikuwa na figo na uti wa mgongo. Mikanda ya mikono ilikuwa matumbo matupu.

"Mama, nimesoma miaka kumi na moja," alisema, "sijawahi kutafuta ini kwenye shati."

"Jaribu kola. Ile ya mtoto wa miaka sita."

Aliiweka. Mkasi wangu ulikuwa umepita katikati ya ini, lakini upande uliobaki ulikuwa na punje ya dengu, mahali palepale. Alilipima doa, akalinganisha na kipimo kilichochapishwa ukingoni, akarudi kwenye kompyuta, akapima tena.

"Miaka saba, na halijakua hata milimita. Saratani haina subira hiyo. Kesho nitawaambia wenzangu dawa isubiri. MRI tutapiga zamu yako ikifika, baada ya wiki tano saa mbili asubuhi, tuhakikishe." Akazima taa. "Umekuja na nani leo?"

"Na kola."

Alicheka. Mimi nilikusanya vipande vyangu.

Kwenye benchi la korido kila mtu alikuwa na mtu wa kumshikia mkoba. Niliweka wangu mapajani, nikapiga simu.

"Ni la zamani," nilisema. "Halijakua."

Nilisikia akivuta pumzi, kisha akipenga kamasi.

"Haya," alisema. "Sasa nirudishie pateni zangu. Nina sare za shule za kukata. Utazituma kwa basi?"

Nilikuwa tayari kujibu ndiyo. Basi ni rahisi, na linafika.

"Hapana," nilisema. "Kata kola kwa karatasi kwa sasa. Hizi utakuja kuzichukua siku ya MRI. Ni saa mbili asubuhi, usichelewe."