Simu Isiyokuwa na Ugonjwa

Kundi letu la WhatsApp linaitwa Bisibisi. Tuko sitini na wanne, kuanzia Ngara mpaka huku kwetu Biharamulo, na ukinipa dakika tano nitakuambia nani anajua kazi na nani anajua kuongea tu. Hao wa pili ndio wengi. Kuna mafundi simu kama mimi, kuna walimu wanaopenda kompyuta, kuna watu wa sola na redio, na kuna karani mmoja ambaye hajawahi kufungua hata rimoti, lakini simu mpya ikitoka yeye ndiye wa kwanza kutueleza kamera yake inaona umbali gani. Kutwa ni ubishi. Betri ichajiwe mpaka mia au iishie themanini? Laptopu ya mtumba au mpya ya plastiki? Shibuda, ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, hupima kila kitu kwa mifugo. Mtu akijisifu kwamba kompyuta yake ina RAM nne, Shibuda humjibu, "Huyo ni ndama, bado ananyonya."

Tuna desturi mbili. Ya kwanza ni Meza ya Leo. Asubuhi, kabla hujagusa kitu, unapiga picha meza yako ya kazi na kuituma kundini. Ya pili ni Ijumaa ya Kitubio. Hiyo aliianzisha Gidioni, msimamizi wa kundi, aliyesoma seminari miaka miwili kabla waya hazijamshinda nguvu. Kila Ijumaa kabla ya saa sita mchana, mwenye kosa la ufundi analiungama mbele ya wote, na Gidioni anampa malipizi. Kwandu alipounguza bodi ya redio ya jirani, aliamriwa awafundishe watu watatu kutumia mita. Tunacheka sana siku hiyo, ila mimi sijawahi kuungama. Nilikuwa nasema sina kosa, na nilikuwa naamini.

Leonidas wa Bugarama, kule Ngara, nilimjua kwanza kwa meza yake. Mkeka wa kijani uliokatwa kutoka koti la mvua. Kikombe cha bati chenye kahawa, kila siku upande wa kushoto, mbali na vifaa, maana ana akili. Bisibisi zimepangwa kwa urefu. Meza za wengine zilikuwa majalala, nami nilizipita haraka mpaka nifike kwake. Siku kikombe kikikosekana nilijua anaumwa, na sikuwahi kukosea. Nilimpenda. Nasema hivyo wazi kwa sababu nimechoka kulizungusha jambo hili kichwani.

Ana kwa ana tulionana mara moja tu, mwaka juzi, kundi lilipokutana Benaco kwa kuwa kila upande ungeweza kufika. Tulikula nyama na ndizi za kuchoma, tukabishana kuhusu betri mpaka mwenye hoteli akatuhamishia nje. Mama mmoja wa jikoni alileta simu yake isiyoingiza chaji, na wanaume wote wakaanza kutoa hotuba. Mimi nikaifungua. Leonidas alisogea, akanishikia tochi. Nilichomea nyaya mbili nyembamba kama nywele, na ule mwanga haukutikisika hata mara moja. Nilipomaliza akasema, "Karista, una mkono mwepesi." Yeye l na r humchanganya akiongea, kama watu wengi wa kwetu. Mwingine akiniita hivyo namsahihisha. Yeye sikumsahihisha.

Tangu siku hiyo tukawa tunaandikiana pembeni, nje ya kundi, kuhusu kazi. Aliniuliza joto la kutoa kioo, nikamuuliza wapi anapata gundi nzuri. Mwanamume na mwanamke wa miaka thelathini na kitu, tunaandikiana habari za gundi. Mimi nilingoja yeye aanze, na sasa najua naye alikuwa anatafuta pa kuanzia.

Mwezi wa tatu mwaka huu kondakta wa basi la Ngara alinipigia niende stendi kuchukua mzigo. Ilikuwa simu, imefungwa kwa gazeti na gundi ya karatasi, na juu yake kijikaratasi: "Naomba uiangalie wewe mwenyewe, usimpe mtu mwingine. Leonidas." Basi. Ugonjwa hakuutaja.

Fundi kumtumia fundi simu bila kutaja ugonjwa, kwetu hiyo ni mtihani. Nilirudi kibandani kwangu, chini ya njia ya boma, kifua kimejaa. Anataka kuona kama nitaupata, nikajisemea. Simu iliwaka bila shida. Haikuwa na nywila. Kioo kizima, betri nzima, chaji inaingia, mtandao upo. Nilihangaika nayo saa mbili nzima. Na fundi ukimpa simu nzima atatafuta ugonjwa mpaka aupate, kwa hiyo niliupata. Nafasi ilikuwa karibu imejaa, na ilichelewa kidogo kufungua. Nikatabasamu peke yangu, nikasema, nimekukamata.

Sasa sikiliza nilichofanya. Kuna mafundi wanaochungulia picha na meseji za wateja, halafu wanazisimulia kwenye vijiwe vya pombe ya rubisi. Nawachukia. Simu ya mtu ni chumba chake cha kulala, na mimi sifungui kitu; hata alama zilizowekwa pale mbele sikuzisoma, niliingia moja kwa moja kwenye mipangilio. Mteja wa kawaida, kabla ya kumfutia, ninamuuliza, "Umehifadhi vitu vyako?" Leonidas sikumuuliza. Yeye ni fundi. Kumuuliza swali hilo niliona ni kumtukana, kama kumuuliza mpishi kama amenawa mikono. Niliirudisha simu ilivyotoka kiwandani. Ikawa nyepesi, safi, tupu.

Nikaifunga vizuri. Nikachukua karatasi ya njano, ile ninayoandikia majina ya wateja, nikaandika kwa mwandiko wangu wa madaha: "Hakukuwa na tatizo la maana. Ni takataka tu zilizojaa. Nimefuta zote. Usijaze tena." Nilijiona mjanja sana. Nikaipeleka stendi.

Kesho yake jioni alinijibu: "Nimeipokea, fundi Kalista. Nimeelewa. Asante."

Nilidhani ameelewa ufundi. Nilingoja anisifu, hakunisifu. Nikangoja aniulize habari za gundi, hakuniuliza. Kundini akawa ananiita fundi Kalista, kwa heshima, kama mtu anayemwita mke wa diwani. Nilikasirika. Nikasema kumbe ana wivu, kumbe hawezi kuvumilia mwanamke aliyefaulu mtihani wake. Nilikaa na hasira hiyo miezi sita, na kila asubuhi nilifungua simu kuitazama meza yake. Mkeka wa kijani, kikombe cha bati. Ukutani nyuma ya meza kulikuwa kumeongezeka kitu kidogo cha njano. Nilidhani ni namba ya mteja.

Wiki mbili zilizopita Gidioni aliandika kundini kwamba tangazo la kwanza la ndoa ya Leonidas limesomwa parokiani kwao. Bibi arusi anaitwa Ineza, muuguzi wa zahanati. Watu wakafurika na hongera. Shibuda akauliza ni ng'ombe wangapi, na kama wana RAM ya kutosha. Mimi nilituma vile viganja viwili vinavyopiga makofi, nikaiweka simu kifudifudi mezani, nikaenda kusimama nyuma ya kibanda mpaka macho yakauke.

Halafu ikaja juzi, Ijumaa. Kitubio kilikuwa kimepoa. Mwalimu mmoja aliungama kwamba alimwagia kibodi chai, Gidioni akasema hiyo si dhambi, ni uzee. Ndipo Leonidas akaandika. Nimeisoma mara nyingi mno, naijua kwa moyo.

"Kwa kuwa naaga ukapera, acha niungame la siku nyingi. Kuna mtu nilitaka kumwambia jambo, na mdomo wangu mnaujua, ni mzito. Nikajirekodi kwenye simu nzima, sauti ya dakika mbili, nikaiweka pale mbele kabisa ili aione akiwasha. Nikamtumia simu hiyo aiangalie mwenyewe. Niliona ni ujanja mkubwa, maana ni fundi, lazima ataifungua. Ikarudi imefutwa yote. Na jibu juu yake. Kosa langu ni kutuma simu bila kutaja ugonjwa."

Kundi lililipuka. Vicheko vilipanda mpaka simu yangu ikawa inaganda. Kwandu akaandika, "Fundi kakufuta wewe na simu yako!" Karani akauliza kwa nini hakuhifadhi nakala. Shibuda akasema, "Aliyefuta naye aje atubu, tumjue!" Leonidas akamjibu yeye peke yake: "Mwacheni. Hana kosa. Alinijibu kwa uungwana, tena kwa maandishi." Gidioni akatoa malipizi: kuanzia leo, Leonidas akituma simu popote, aandike ugonjwa kwa herufi kubwa. Wote wakasema amina.

Mteja alikuwa amesimama mbele yangu na redio mkononi. Nilimwambia arudi baadaye. Sidhani kama nilimwambia kwa adabu.

Nilirudi nyuma kwenye picha za kundi, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka mwezi wa tatu. Nikaivuta moja kwa vidole viwili. Kile kitu cha njano kikakua. Maneno yalikuwa na ukungu, lakini mtu haukosi mwandiko wake mwenyewe, na ule mkia mrefu wa "Usijaze tena" ni wangu. Amekaa chini yake miezi sita, anatengeneza simu za watu.

Siwezi kukueleza nilivyojichukia. Miezi yote hiyo nilimwita mwenye wivu. Nilipenda mkono wake, nikapenda kikombe chake, na siku aliponiletea sauti yake mimi nikaiita takataka bila kuisikia. Dakika mbili. Sijui alisema nini humo. Najua tu kwamba ilianza na "Karista," na hilo peke yake ningetoa vifaa vyangu vyote nilisikie.

Nilifikiria kumwandikia pembeni. Nikaandika, nikafuta. Tangazo la pili lilikuwa limesomwa, la tatu ni Jumapili. Padri huuliza kama kuna anayejua kizuizi, na sauti ambayo haikusikika si kizuizi. Ineza hajanikosea kitu. Lakini pia sikuweza kukaa hivi, aamini mpaka uzeeni kwamba nilimsikiliza dakika mbili nzima kisha nikamjibu vile. Hilo ndilo lililoniuma zaidi ya harusi.

Ilikuwa bado dakika kumi saa sita itimie. Nikaandika kundini, kama swali la kazi:

"Wakuu, naomba msaada. Fundi alifuta simu bila kufungua kitu ndani wala kusikiliza chochote. Alidhani ni uzito wa kawaida. Leo ndiyo amejua kulikuwa na sauti. Je, inaweza kurudi?"

Unawajua wapenda vifaa. Ukiwauliza habari za moyo watakimbia, ukiwauliza habari za kumbukumbu ya simu watakuja mbio. Karani akasema ipo programu. Kwandu akasema hizo programu ni uongo, simu za sasa zikifutwa, funguo za kusomea yaliyomo nazo hufutwa. Mwalimu akauliza kama kulikuwa na memori kadi. Shibuda akasema ng'ombe aliyechinjwa hazai. Walibishana kwa bidii, wanamhurumia mteja ambaye hayupo, na hakuna hata mmoja aliyeunganisha mambo mawili yaliyosomwa saa ile ile.

Mmoja aliunganisha. Jina la Leonidas likaonyesha anaandika. Likaacha. Likaandika tena. Kengele ya kanisa ya saa sita ikalia huku mjini, nami nimeshika simu kwa mikono miwili.

"Hairudi, Kalista."

Hakuandika fundi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu. Kwandu akaweka alama ya kukubali, akaandika, "Mwambieni mteja asipoteze muda," na wakahamia kwenye habari za betri.

Jana Jumamosi niliwahi kufungua. Picha ya Bugarama iliingia saa mbili kasorobo. Mkeka wa kijani. Kikombe upande wa kushoto. Ukutani, pale palipokuwa na karatasi yangu, palibaki mraba mweupe kuliko ukuta wote, na alama nne za gundi kwenye pembe. Niliuvuta kwa vidole viwili mpaka ukajaa kioo kizima, nikautazama, na nililia kidogo, sitakudanganya.

Mama mmoja akagonga dirisha. Alikuwa ametoka hospitali, kitambulisho cha mgonjwa bado kimening'inia kwenye kitenge chake, na mkononi ana simu ndogo iliyopasuka.

"Shikamoo mama," nikasema, nikafuta uso.

"Marahaba. Imekuwa nzito hii. Nimeambiwa wewe unaifuta, inapona."

"Naifuta," nikamwambia. Nikaipokea, nikaiweka mezani, sikuigusa tena. Nikamvutia kigoda. "Kaa kwanza, mama. Niambie ndani yake kuna nini ambacho hutaki kipotee."