Ukuta wa Makasha ya Bluu

Leland Voss alikuwa na macho ambayo, kwa maelezo yake mwenyewe, Mungu aliyatengeneza siku ambayo hakuwa na haraka.

"Mimi," alisema, mikono kiunoni, katikati ya chumba cha chini ya nyumba yake pale Duluth, "niwekee diski ya zamani, niwekee na mpya, nifunge jicho moja kwa kitambaa, nitakwambia ipi ni ipi kabla hujaketi. Sijawahi kukosea, na leo siyo siku ya kuanza."

Marlys mkewe alikuwa ameketi kwenye ngazi, sahani ya keki ya limau mapajani. "Vizuri. Kitambaa cha kukufungia sina, ila blanketi lipo."

Ugomvi wao ulikuwa wa ukuta. Ukuta mkubwa wa chumba kile ulijaa makasha ya bluu, filamu za Blu-ray, zimepangwa kwa herufi kama askari wa gwaride. Kabla ya hizo ukuta huohuo ulijaa DVD, na kabla ya DVD kanda nyeusi za video. Filamu zilikuwa zilezile. Treni ilianguka kwenye daraja lilelile, na farasi wa watu alikufa palepale, safari tatu sasa, masikini, bila hata likizo. Leland alikuwa ameazimia amuue mara ya nne: anataka kununua upya kila kitu kwa diski za 4K, zenye picha kali zaidi, zile za makasha meusi. Na kwa kuwa hawezi kuachana na za bluu mpaka zile nyeusi zitimie, anautaka na ukuta wa dirishani.

Ukuta wa dirishani ndio ambao Marlys alikuwa ameuwekea nia. Yeye hushona mablanketi ya viraka, na miaka yote ameshonea kwenye meza ya kulia chakula, kila jioni akikusanya vitambaa vyake kwa sababu mtu anataka kula. Alitaka meza yake mwenyewe, chini ya dirisha, ambayo hakuna atakayeiwekea sufuria juu. Alikuwa amekwisha kupima urefu kwa futi.

Wote wawili hawakuwa watu wa kurudi nyuma. Basi wakakubaliana. Filamu tatu. Leland akibaini mbili kwa macho yake, ukuta ni wake na Marlys hatatia neno tena. Akishindwa, diski mpya zinakoma na meza inaingia Jumatatu.

"Na usije ukaninunia wiki nzima," Marlys akasema.

"Atakayenuna hapa si mimi."

Diski mpya zililetwa na rafiki yake Leland, Wes Hukkala, ambaye nyumbani kwake hata bafuni kuna rafu ya filamu. Wes aliketi kwenye kochi karibu na Leland, akionywa kuwa akikohoa tu atatolewa nje kwenye theluji. Nyuma kabisa, kwenye kiti cha kando ya boila, alikuwepo Ardis, mama yake Marlys, akifuma soksi. Ardis hushuka kila Jumamosi kufuata joto, na filamu huwa hazizungumzii hata kidogo, hivyo watu husahau kuwa yupo.

Kazi ilipangwa hivi. Makasha ya filamu zote tatu, la bluu na jeusi kwa kila filamu, yaliwekwa juu ya mashine ya kufulia, huko nyuma. Marlys anachukua diski moja, anaitia kwenye deki iliyofunikwa blanketi, televisheni ikiwa imezimwa. Anaisogeza mbele mpaka katikati ya filamu, ndipo anawasha. Mtu haoni taa, haoni maandishi ya mwanzo. Anaona picha tu.

Ya kwanza ilikuwa ile ya farasi. Leland akasogea hadi pua ikakaribia kioo. Mawingu yalikuwa na chenga, chenga ndogondogo zinazochemka kama uji.

"Ya zamani!" akapiga kofi. "Ona chenga hizo. Diski mpya haiwezi kuwa chafu hivyo."

Wes alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole.

"Mpya," Marlys akasema.

"Ati?"

"Leland, ndugu yangu," Wes akashindwa kuvumilia, "chenga ndiyo filamu yenyewe, zilikuwemo tangu ilipopigwa! Ile ya bluu waliipangusa mpaka watu wakawa kama wa nta. Si wewe mwenyewe uliyenihubiria hayo Krismasi?"

"Nilijua," Leland akasema, masikio yakiwa mekundu. "Nilikuwa nataka kuona kama na yeye anajua."

"Najua ukuta una futi ngapi," Marlys akajibu. "Ya pili."

Hapo ndipo Leland alipoanza kuhisi baridi, na boila inaunguruma. Si meza ya kushonea iliyomtisha. Kilichomtisha ni kwamba alikuwa ametazama kweli, kwa nguvu zote, na akakosa. Lakini kurudi nyuma hakupo katika mwili wa Leland. Ya pili ilipowashwa, ile ya treni, aliitazama kidogo tu kisha akasimama.

"Koo limekauka. Acha nijimiminie kahawa."

Chupa ya kahawa ilikuwa kule nyuma, juu ya mashine ya kukaushia, na mashine ya kukaushia imeshikana bega na ya kufulia. Leland akamimina kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ukatembea wenyewe hadi kwenye makasha. Kasha lenye diski ukiliinamisha hutoa mlio mdogo, lisilo na kitu linanyamaza. Jeusi la ile ya treni lilinyamaza.

Akarudi, akanywa kidogo, akakunja uso kama daktari. "Mpya. Tazameni moshi ule. Unaweza kuhesabu nyuzi zake."

"Moshi una nyuzi?" Marlys akauliza.

"Kwa wenye macho."

Marlys akakiri ni sahihi. Wes akampiga Leland bega. Leland akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ya tatu, ya manowari, ndiyo ya kuamua. Marlys alikawia nayo huko nyuma, akazigeuzageuza diski kwenye mwanga, akazipuliza, akazipangusa kwa aproni. Kisha akaja, akawasha.

Na hapa Leland aliona. Aliona kweli. Ndani ya giza la manowari, pale ambapo miaka yote palikuwa na weusi mtupu, kulikuwa na bomba linalovuja, na nyuma ya bomba baharia mwenye sweta, na kwenye sweta kila kifundo cha sufu. Moyo wake ukaruka. Hii ni mpya. Hakuna hata haja ya kuuliza.

Angesema palepale, tungekuwa na hadithi nyingine. Lakini ya kwanza ilikuwa imempiga mwereka, na macho yaliyokwisha kudanganya hayaaminiki haraka. Akainuka tena kwenda kwenye kahawa. Safari hii hakuinamisha. Alibeba yote mawili, moja kila kiganja. Jeusi lilikuwa zito. La bluu lilikuwa jepesi.

Kwa hiyo inayocheza ni ya zamani. Lakini lile sweta? Alisimama pale, macho yanasema hivi, makasha yanasema vile. Na Leland, katika maisha yake yote, hajawahi kukutana na binadamu anayerudisha diski kwenye kasha lisilo lake. Hakujua kama jambo hilo linawezekana.

"Ya zamani," akasema alipoketi. Sauti ilikuwa imara.

Wes akageuka kumtazama. "Leland... una uhakika?"

"Kabisa. Wes, ulionywa."

Marlys akaondoa blanketi, akaitoa diski, akaiinua juu. Ilikuwa mpya.

"Haiwezekani!" Leland akaruka. "Leta makasha hapa!"

Marlys akaenda, akalifungua lile jeusi. Ndani ilikuwa imelala diski ya Blu-ray, starehe kabisa, kwenye nyumba ya watu.

"Nilizitoa zote mbili kuzipangusa," Marlys akasema. "Ile nyingine nikairudisha kwenye kasha la karibu. Kasha si kasha tu?"

Wes akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Basi jaribio limeharibika!" Leland akasema, nguvu zikimrudia. "Umechanganya makasha! Turudie yote tangu mwanzo, hiyo ndiyo haki."

Marlys alimtazama kwa utulivu mkubwa. "Leland. Wewe ulikuwa unatazama kioo. Makasha yanakuhusu nini?"

"Ah... nasema tu... kwa utaratibu."

Kutoka kando ya boila, sindano za kufumia zikanyamaza.

"Yanamhusu sana, mwanangu," Ardis akasema. "Mkwe wangu alikuwa anayapima kule nyuma, moja mkono huu, moja mkono huu, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Na kahawa yenyewe, safari hiyo, hata hakumimina."