Begi la Mke Mwenzangu

Nimeolewa na fundi saa. Mchana kutwa mume wangu yuko kibandani kwake, ameinama, kioo kimoja jichoni, anashika vidude ambavyo mimi hata nikionyeshwa sivioni. Ungedhani mtu wa namna hiyo jioni angejipumzisha na kitu kidogo, filimbi labda, au redio. Yeye anapiga tuba. Kwa asiyeijua, tuba ni tarumbeta kubwa kuliko zote kwenye bendi, shaba tupu iliyojizungusha kama utumbo, yenye mdomo unaoweza kumeza kichwa cha mtu mzima. Mpigaji huipakata mapajani na kuikumbatia. Mimi sijawahi kukumbatiwa kwa muda mrefu kiasi kile.

Kwa hiyo tangu mwanzo niliiita mke mwenza. Na wiki ya kwanza tu ya ndoa niliweka mipaka wazi: nitavumilia mngurumo, nitavumilia majirani wanaogonga mlango, ila kulibeba lile dude sitalibeba, wala kulisogeza. Nikifagia, nafagia kulizunguka. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa. Kutwa nzima nanyanyua watu wazima waliovunjika, nawageuza, nawakalisha. Nikifika nyumbani sina mgongo wa kumwazima mtu. Mume wangu alinisikiliza, akaitikia kwa kichwa, na hakuwahi kuniomba.

Tunakaa ghorofa ya tatu kwenye jengo lisilo na lifti. Kila siku ya mazoezi alishuka nayo na kupanda nayo mwenyewe, ndani ya begi kuukuu lililoshonwa na kushonwa tena mpaka likawa nyuzi tupu. Mwezi uliopita, kwenye kona ya ngazi, mkanda ukakatika. Mtu mwenye akili zake angeiacha ianguke. Yeye alijitupa chini yake. Tuba haikupata hata mkwaruzo. Yeye alisogeza pingili mbili za mgongo, akaletwa wodini kwangu, na swali lake la kwanza alipolazwa kitandani halikuhusu mgongo.

Daktari alimwambia asinyanyue tena kitu kizito kuliko mto wa kulalia, na hilo si la mwezi mmoja, ni la maisha. Kupuliza ruksa, kubeba marufuku. Bendi nayo ina sheria yake. Ukumbi wa mazoezi ni wa kuazima, hauna stoo wala kufuli, kwa hiyo kila mpigaji huja na ala yake na kuondoka nayo. Tuba yenyewe ni mali ya bendi. Kiongozi wao, mama mmoja mpole wa sauti na mkavu wa maneno, alipiga simu.

"Kaka, unajua ninavyokuheshimu," alisema. "Jumamosi uje nayo mazoezini, au uirudishe nimpe mwingine. Siwezi kuwa na bendi isiyo na besi."

Mume wangu akaning'inia kwenye neno moja: magurudumu. Alikuwa amesikia kuna duka linalouza makasha ya ala yenye magurudumu. Akilipata la kukokota, hatabeba, atakokota, na daktari hatakuwa na la kusema. Nikamwambia twende. Sifichi, nilikwenda nikiwa na furaha zangu. Ngazi zetu nazijua, na magurudumu hayapandi ngazi. Nilitaka ajionee kwa macho yake, dude lirudi kwa wenyewe, na mimi nipate ile kona ya sebuleni niweke kabati la vyombo. Kabati nilikuwa nimeshalichagua.

Jirani wa chini yetu, ambaye yale mazoezi yote humwishia kichwani, alijitolea kuishusha tuba mpaka kwenye teksi. Alidhani inaondoka moja kwa moja. Aliibeba huku anapiga mluzi.

Dukani dereva alituingizia tuba, tukapokewa na mwanamke wa makamo, futi ya kupimia imening'inia shingoni. Nilitarajia aulize tuba ni ya aina gani. Hakuuliza.

"Mbebaji ni nani?" akasema.

"Mimi," akasema mume wangu.

"Siyo yeye," nikasema mimi.

Akatutazama mmoja mmoja. "Hapa kwangu nina utaratibu. Watu wanapima ala, wanamsahau mtu. Begi halitoki mlangoni mpaka mbebaji ajaribu kulibeba na ala ikiwa ndani, apande zile ngazi za kwenda stoo, ashuke. Likimshinda siuzi. Nimechoka kurudishiwa mabegi."

Nilimpenda palepale. Nikaona nimepata wa kunisaidia kazi.

Begi la kwanza lilikuwa jepesi, kitambaa tu na zipu. Nililisifu mimi, kwa sababu ya huo wepesi. Mume wangu akalibonyeza kwa kidole kimoja, kidole kile kile anachobonyezea saa za watu.

"Hili linazuia nini?" akauliza.

"Vumbi," akasema muuzaji.

"Na ukuta?"

"Ukuta halizuii, baba."

Akalirudisha mezani kwa adabu. Mimi akanitazama kama niliyependekeza mtoto apelekwe shule amevaa gunia.

La pili lilikuwa kasha gumu, jeusi, na chini yake magurudumu manne. Muuzaji alipofungua kifuniko, ndani kulikuwa na mahameli ya buluu, yamechongwa kufuata umbo la tuba, kila pindo na mahali pake. Mume wangu akapitisha kiganja juu ya yale mahameli. Akapitisha tena.

"Sisi wenyewe hatujawahi kulalia kitu kama hiki," nikasema.

"Hujaona hapa kwenye shingo," akajibu. "Wameifikiria shingo."

Tuba ikalazwa, kasha likafungwa, naye akalikokota. Sakafuni liliteleza vizuri ajabu. Alizunguka nalo duka zima, akapita mbele yangu mara ya pili bila sababu, kifua mbele, mtu mzima na mvi zake. Nilikaribia kumwonea huruma kabla ya wakati. Kisha akafika kwenye ngazi za stoo.

Magurudumu yakagonga kidato cha kwanza, yakasimama. Akavuta. Yakasimama pale pale. Akabadilisha mkono, akavuta tena kwa nguvu, na mkono wa pili nikauona unakwenda kiunoni wenyewe.

"Acha," nikasema, kwa ile sauti yangu ya wodini. "Weka chini."

Akaacha. Muuzaji alisema polepole kwamba kasha lile hata likiwa tupu lina uzito wa kukaribia tuba yenyewe, na anayelipandisha ngazi hulibeba, halikokoti. Alilisema kwa huruma, kama anavyosema daktari wetu mzuri.

Mume wangu akakaa kwenye kigoda. "Basi," akasema. "Tutairudisha."

Hakulalamika, hakujaribu hata kidato cha pili. Aliomba kasha lifunguliwe. Akatoa mfukoni kile kitambaa chake cha kusafishia vioo vya saa, akaanza kufuta alama za vidole, za kwake na za jirani. Huku anafuta anazungumza na muuzaji, kana kwamba yeye ndiye atakayeikabidhi.

"Huyo atakayepewa aambiwe hii vali ya tatu, hapa pa kubonyeza, hukwama asubuhi. Asiilazimishe. Aishike tu kiganjani mpaka ipate joto, itaachia yenyewe. Na asiilaze upande wa kulia. Haipendi."

Muuzaji akaitikia, "Sawa, baba."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufurahi. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, na furaha haikuja. Kilichokuja ni ngazi zetu, mimi natoka zamu, miguu imevimba, nimefika ghorofa ya pili na ule mngurumo unanishukia kutoka juu. Siku zote nikiusikia huongeza mwendo. Huwa najiambia naharakisha ili nikamnyamazishe. Siyo kweli. Naharakisha kwa sababu naujua ni wa nani, na kwamba yuko.

Na kilichonichoma zaidi ni kwamba hakunitazama. Anajua kazi yangu. Anajua jana tu nilimnyanyua mwashi mwenye kitambi kutoka kitandani hadi kwenye kiti. Angenigeuzia jicho mara moja tu ningemkumbusha tulivyopatana, nikakataa, tukaenda zetu nyumbani. Hakunigeuzia. Nilisema sibebi, naye kwa miaka yote hiyo aliliweka neno langu mahali asipoweza kuligusa, hata leo ambapo lilikuwa linamgharimu kitu anachokipenda kuliko vyote visivyokuwa mimi. Nilimpenda hadi nikakasirika.

"Lile pale," nikamwambia muuzaji. "Lililotundikwa nyuma ya mlango. Lina nini?"

"Hilo ni la sponji nene, dada. Zuri, jepesi kuliko kasha. Lakini ni la mgongoni, baba hawezi."

"Sijauliza habari za baba. Lilete, ufupishe mikanda."

Mume wangu akainua kichwa. "Mke wangu, wewe ulisema..."

"Najua nilichosema. Nilikuwepo."

Muuzaji akaja nyuma yangu. Akavua futi shingoni, akanipima kutoka begani hadi kiunoni, akarekebisha mikanda ya mabegani, akaongeza ule wa kiunoni. Tuba ikavishwa begi, ikasimamishwa juu ya meza. Nikageuka, nikaingiza mikono, nikakaza mkanda, nikapinda magoti jinsi ninavyowafundisha wauguzi wapya, nikasimama nayo. Nilikuwa nimejiandaa kwa zigo. Kumbe miaka yote hiyo nilikuwa nagombana na kitu chepesi kuliko mwashi wangu.

Mdomo wake ulipita juu ya kichwa changu kwa shubiri nzima. Muuzaji akasema kwa nyuma naonekana begi lililoota miguu. Nikapanda ngazi za stoo, nikageuka juu, nikashuka, na ukuta sikuugusa. Mume wangu alikuwa amesimama chini, mikono ameinyoosha mbele.

"Ukijitupa tena chini yake," nikamwambia, "nakukanyaga."

Akashusha mikono. Macho yake yalikuwa yamelowa, na kile kitambaa cha vioo akakitumia kufuta kisichokuwa kioo.

"Nina masharti," nikasema, ili tusije tukalia wote wawili mbele ya watu. "Siku nimetoka zamu ya usiku, hupigi mpaka niamke mwenyewe. Na vyombo kuanzia leo unaosha wewe. Sahani si nzito kuliko mto."

Alikubali kabla sijafika kwenye sahani.

Tuliporudi, nilipanda mbele na yeye akafuata nyuma, ameshika kile kipande kidogo cha kupulizia, mzigo pekee alioruhusiwa na daktari. Ghorofa ya pili jirani alifungua mlango na tabasamu lake lote. Akaona nani kabeba nini.

"Imerudi?" akauliza.

"Imerudi," nikasema. "Na imenunuliwa nguo."

Akafunga mlango taratibu sana.

Tukafika kwenye kona, pale mkanda ulipokatikia. Nyuma yangu nikamsikia amesimama.

"Taratibu hapo," akasema. "Pinda magoti. Usiguse ukuta."

"Unamwambia nani?" nikauliza bila kugeuka, maana kugeuka nisingeweza. "Mimi au yeye?"

Akapanda kidato kimoja.

"Nawaambia nyote wawili," akasema.

Nikapinda magoti, nikapita kona.